Ncha ya Mti Inapoishia

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiwasha chensoo hunirudia, hata kabla moshi wa kwanza haujatoka. Nitakusimulia, maana umekuja kwangu unataka kazi ya kuangusha miti, na kwa jinsi unavyoushika huo msumeno naona hujaanza kuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mimi.

Kwanza unijue. Mimi ni Fundi Laurenti. Shule niliiacha darasa la nne, nikaenda msituni, na leo ukitoka Kasulu mpaka Kibondo ukaangalia mapaa ya nyumba zenye mbao zilizonyooka, uliza mbao zimetoka kwa nani. Nina nyumba ya tofali za kuchoma, nina gari la kubebea magogo, na watoto wangu wote wanasoma. Sikupewa na mtu. Nayasema haya si kwa kujisifu, ingawa najisifu kidogo, bali ujue kwamba aliyetetemeka siku ile hakuwa mgeni wa kazi.

Ilikuwa shule ya msingi moja iliyo mlimani, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Nyuma ya madarasa palikuwa na mkaratusi wa zamani sana, umeinamia bondeni, na mvua zilizopita ulidondosha tawi kubwa juu ya bati la darasa. Kamati ya shule ikaniita. Nilikwenda na mwenzangu Fideli, mtoto wa familia zilizotoka Burundi zamani zikapata uraia hapa, mtu wa maneno mengi na mikono yenye nguvu.

Huo mti usingeweza kuangukia juu, kwa sababu juu kuna madarasa. Ungeangukia bondeni tu, ulikoinamia wenyewe. Na huko bondeni, ng'ambo ya migomba, palikuwa na kanyumba ka Bibi Butoyi. Bibi huyu alikuwa mtu mzima sana, nyonga imeharibika, hatoki kitandani bila kushikwa. Mchana hubaki peke yake, mjukuu wake Furaha akiwa shuleni hapo juu.

Sasa sikiliza nilivyoupima, kwa sababu na wewe ndivyo ulivyofundishwa. Sisi wapasua mbao tunaupa mti mgongo, tunainama, tunachungulia katikati ya miguu. Ukiona ncha bado imekatwa na makalio yako, unasogea mbele kidogo, unainama tena. Pale ambapo ncha inaonekana sawasawa, umbali kutoka hapo hadi kwenye shina ndio urefu wa mti. Nilipima hivyo miaka yote na sikuwahi kukosea. Siku ile sikuweza kupimia bondeni, migomba ingenizibia. Nikapimia upande wa juu, kwenye uwanja wa shule, palipo wazi. Watoto wakacheka sana kuona mtu mzima ameinama vile. Nikapata mbao saba, yaani mbao zangu ndefu zile za futi kumi na mbili. Nikashuka bondeni nikahesabu mbao saba kutoka kwenye shina. Ziliishia kwenye migomba. Nyumba ya Bibi ilikuwa kwenye ubao wa nane.

Nikaingia kumsalimia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwana wanje, mwanangu, huo mti hautanifikia?"

Nikamwambia, "Bibi, kaa ulipo. Hata majivu ya jiko lako hayatatikisika. Laurenti akisema, amesema."

"Ego," akasema, yaani ndiyo, akafumba macho. Aliniamini.

Nikapanda juu nikakata mdomo, lile pengo la mbele linaloelekeza mti uendako. Kelele za chensoo zikaingia madarasani, na mwalimu mkuu akatoka akaniomba nisubiri hadi watoto waruhusiwe wakale. Sikubishana. Mti uliokwisha kukatwa mdomo husimama, kama hakuna upepo. Na asubuhi ile hapakuwa na upepo.

Jua lilipokuwa kali, Mwalimu Neema, binti wa watu wa Muyama anayefundisha hesabu, akatuita tukae ndani kwenye kivuli. Fideli akaninong'oneza, "Bosi, leo utamaliza darasa la nne." Nikakaa dawati la nyuma, magoti yakanifika kidevuni, na watoto wakageuka kunitazama kama ng'ombe ameingia kanisani.

Mwalimu alikuwa na kishikwambi, kimeunganishwa na kile chombo kinachomulika picha ukutani. Akagusa, ikatokea nukta. Akagusa tena, ikatokea nyingine, na kati yake ukajichora mstari mnyoofu kuliko kamba yangu ya kupigia alama. Akawaambia, huu wenye nukta mwanzo na nukta mwisho ni kipande cha mstari. Akakivuta kwa kidole, kikarefuka, kikafupika, lakini ncha mbili hazikuondoka. Halafu akaifuta nukta moja, mstari ukakimbia hadi ukingo wa ukuta na mshale mbele yake. Huo akauita mwale. Una mwanzo, hauna mwisho. Kisha akafuta na ile ya kwanza, mstari ukakimbia pande zote mbili, usioanza wala kwisha. Huo ni mstari wenyewe.

Mimi nikaona ni rahisi tu. Na unajua mtu kama mimi hakai kimya.

"Mwalimu," nikasema, "mti wangu ukianguka ni mwale. Unaanzia kwenye kisiki, unaelekea bondeni."

Watoto wakapiga makofi. Mwalimu akatabasamu. "Vizuri, fundi. Ila mwale hauna mwisho, na mti una ncha. Nukta ya pili utaiweka wapi?"

"Kwenye migomba."

Furaha, yule mjukuu, akainua mkono. Hakungoja aitwe. "Mwalimu, nyumba yetu ipo kwenye huo mwale."

Mwanangu, kuna baridi inayoanzia tumboni. Nilikuwa sijaisikia tangu nilipokuwa kijana kule Kagerankanda. Kule nilifundishwa kazi na Mzee Gwasa, aliyekuwa akichechemea kwa sababu ncha ya mti ilimponda mguu kabla hata hatujajuana. Siku moja nilimwonyesha kwa mkono, "Mzee, utaangukia kule." Akaupiga mkono wangu ukashuka. Akasema, "Umenionyesha njia tu. Mimi njia naijua. Nionyeshe unapoishia." Nilidhani ni ukali wa wazee. Kumbe miaka yote nilikuwa nikibeba yale maneno bila kuyafungua.

Mwalimu akaona uso wangu. Akasema, "Basi tuupime wote, iwe ndiyo mazoezi yetu." Tukatoka. Akaniomba niegemeze ubao wangu mmoja kwenye shina, usimame wima. Akaenda na watoto pembeni, mbali, mahali palipo sawa na shina, akapiga picha. Akarudi, akaweka nukta chini ya ubao na nukta juu yake, kikapatikana kipande. Akakinakili kile kipande, akakipandisha juu ya shina kwenye picha, kimoja juu ya kingine, watoto wakihesabu kwa sauti. Saba. Nane. Ncha bado. Tisa.

Nikacheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri. "Mwalimu, hicho kidude chako kinakuza. Ni kama zile picha za harusi, bibi harusi anakuwa mweupe kuliko pazia."

"Chenyewe hakijui kitu, fundi. Nukta nimeziweka mimi. Ziweke wewe uone."

Akanipa. Kidole changu kikagoma. Kina sugu na utomvu, nikigusa kioo hakinisikii. Nikagusa tena, hakuna. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikatema mate, nikafuta tena, nikaweka nukta ya kwanza, ya pili, nikazipandisha moja moja mwenyewe. Nikakosea, nikarudia. Tisa.

"Lakini nilipima," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Akachora palepale mbele yangu mlima, mti, na mtu mdogo ameinama upande wa juu. Akavuta mstari wa kulala kutoka kwenye miguu ya yule mtu hadi kwenye mti. Haukugusa shina chini. Uligusa juu, kama mbao mbili kutoka ardhini. "Ulisimama mlimani," akasema. "Kipimo chako kimeanzia hapa. Hiki kipande cha chini hukukihesabu."

Kagerankanda tulikokuwa tukikata ni tambarare. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nikatamani nisingeelewa. Tisa. Na Bibi yuko kwenye wa nane, nami nimemwambia akae alipo.

Upepo ukaanza wakati huo huo. Si mkubwa, ule wa mchana unaokuja kabla ya mvua. Mkaratusi ukalia. Wewe bado hujausikia mti uliokatwa mdomo ukilia, ni kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka usikie. Mwalimu Neema akawaondoa watoto wote, akawapeleka mbali ng'ambo ya uwanja. Fideli akasema, "Bosi, nipande nikate ncha." Nikamkatalia. Mti ule haukuwa wa kupandwa tena.

Nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji kulikuwa na ingobyi, ile machela yetu ya mianzi ya kubebea wagonjwa. Tukaikimbilia. Tukashuka nayo bondeni pamoja na mwenyekiti, na njia ya karibu ilipita chini ya mti. Nilipita pale nikiwa nimekunja shingo kama kuku, kana kwamba shingo iliyokunjwa ingenisaidia.

Bibi akakataa kutoka.

"Uliniambia nikae," akasema. "Nyonga inaniuma. Niache."

"Bibi, twende."

"Ulisema hata majivu hayatatikisika."

Mti ukalia tena juu yetu. Fideli ananiangalia, mwenyekiti ananiangalia. Mwanangu, niliogopa mti, lakini kitu nilichoogopa zaidi ni kile nilichotakiwa kusema mbele ya watu wanaonijua.

"Bibi, nilikosea. Unafika hapa. Unafika kitandani kwako."

Akanyoosha mikono nimnyanyue. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Tulipanda naye, tukazunguka kwa mbali, mara hii si chini ya mti, tukamweka uwanjani karibu na mjukuu wake. Furaha akamshika kanga, hakuiachia.

Nikarudi peke yangu kwenye shina. Sikutaka upepo uchague saa. Chensoo iliwaka mara ya tatu, si kwa ubovu wake, ni mikono yangu. Nikakata nyuma, nikagonga kabari, nikakimbia pembeni. Ukaenda polepole, kisha ukaenda wote. Ardhi ikaruka. Migomba ikalala. Vumbi lilipotulia, ukuta wa mbele wa kanyumba haukuwepo.

Nikashuka kuangalia, Mwalimu Neema nyuma yangu. Ncha ilikuwa imepita jikoni, imepita mlangoni, na majani yake ya mwisho yamelala juu ya mto wa Bibi. Nyumba nzima ilinukia mkaratusi kama dawa ya kifua. Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Yalikuwa yametapakaa kila mahali.

Niliporudi juu Bibi aliniuliza, "Umeishia wapi?"

"Kwenye mto wako, Bibi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi sasa unajua."

Nyumba nilimjengea mpya kwa mbao za mti ule ule, na nikwambie ukweli, hakuna paa lililonyooka kama lile mlima mzima. Hilo najisifia. Ila tangu siku ile, nikienda kukata mti naanza kwa Mwalimu Neema au kwa mwanafunzi wake yeyote aliye karibu. Tunapiga picha, tunaweka ubao, tunaweka nukta. Siku hizi kioo kinanisikia, nilijifunza kutumia upande wa kidole usio na sugu. Na bado, mwanangu, nikiweka ile nukta ya juu tumbo hupata baridi. Sitaki baridi hiyo iishe.

Basi nasaha yangu ni hii. Usimwonyeshe mtu njia ya kitu unachokiangusha ukadhani umemwambia kinapofika. Mti una mwanzo na una ncha, tafuta ncha kabla hujagusa shina. Ulichofundishwa mahali tambarare kipime upya ukifika mlimani. Usione haya kukaa dawati la nyuma ukiwa na mvi, wala kumpa mtoto wa shule ahesabu baada yako. Na ikitokea umemwambia mtu akae, kisha ukagundua umekosea, nenda kamtoe wewe mwenyewe, useme kwa mdomo wako, hata kama wanaosikia ni wale wale uliowatambia asubuhi. Na uogope. Uoga huo ndio ulionitoa mimi dawatini, na ndio uliomtoa Bibi kitandani.

Sasa chukua ubao, twende. Imana, Mungu wetu, akulinde miguu na mikono. Akuoneshe mwisho wa kila unachokianza kungali na nafasi ya kumtoa mtu ndani, na jioni ya kila siku ya kazi yako, uliowakuta hai asubuhi uwaache hai, wamekaa majumbani mwao, wanakucheka ulivyoinama.