Yule Anayepiga Picha za Nyumba

Nilikokulia, Tanga, nyumba hazina haraka. Zimekaa zinaangalia bahari tangu enzi za Wajerumani, rangi imebabuka, madirisha yamelegea, na mwenye kamera anaweza kuchukua muda wake. Mjomba wangu alikuwa na studio karibu na soko, na Jumapili alikuwa akinichukua tuzunguke mjini kupiga picha majengo: stesheni ya reli, majumba yenye roshani za mbao, hospitali ya zamani iliyobaki kuta. Filamu ikibaki tulipiga nyumba yoyote tu, ya kinyozi, ya muuza mkaa, hata choo cha shule. Sharti lake lilikuwa moja, watu wapishe kwanza. Wiki nzima alikuwa anawaambia watu wainue kidevu, na alikuwa amewachoka. Nyumba, alikuwa akisema, haikuombi uirudie kwa sababu ilifumba macho.

Nilipopangiwa kufundisha Tukuyu, nilifungasha kamera na kofia ya jua. Kofia ipo mpaka leo na haijawahi kufanya kazi. Huku mvua haiji, huku mvua inaishi, na ikienda kupumzika inauachia ukungu zamu. Nilijifunza kuvisha kamera mfuko wa nailoni na kusubiri. Jengo la kwanza nililolitaka lilikuwa boma, lile la Wajerumani ambalo sasa ni ofisi za serikali, kuta zake nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani akala chakula chake cha mchana. Mlinzi akaniambia nikatafute kibali. Niliporudi nacho nikamkuta amefunga vifungo vyote vya sare na amesimama getini, kifua mbele. Nikamweleza kwa upole kwamba nataka jengo peke yake. Aliumia kweli. Alitaka kujua, boma likionekana halina mlinzi, watu watafikirije. Nikampiga picha yeye kwanza, ya kusimama na ya kukaa, ndipo akanipisha.

Kiwira ilikuwa kazi nyingine. Pale barabarani maduka yamepakwa rangi za kampuni za simu kuanzia msingi hadi dari, nyekundu, bluu, nyekundu, njano, na kwa mtu aliyezoea chokaa ya pwani ni karamu ya macho. Nilikuwa nimeinua kamera mwenye duka akatoka na kuniuliza kwa sauti ya chini kama tayari wamepitisha. Sikuelewa. Kumbe kandokando ya barabara kuu, mtu asiyenunua kitu lakini anaikazia macho nyumba yako, kinachofuata baada yake ni alama ya X nyekundu ukutani na nyumba kuvunjwa kupisha barabara. Ili kuthibitisha kwamba sina ubaya nilinunua mkungu mzima wa ndizi, nikarudi nao Tukuyu kwenye bodaboda, mimi, dereva na mkungu katikati. Baada ya hapo nikapendelea vijijini, kama Igogwe, ambako nyumba za wafanyakazi wa hospitali zimejificha ndani ya migomba na sare nyeupe zinaning'inia kwenye kamba zikingojea jua lisilo na uhakika.

Katika kuzungukazunguka huko nikapata mume. Ni bwana shamba, mwenyeji wa Mpuguso, na aliniona kwa mara ya kwanza nimelala kifudifudi kwenye majani ya chai ili nipate paa la ghala. Aliuliza kama naumwa. Harusi ilifanyika Tanga. Mama mkwe alikuja, akaionja bahari kwa kidole, akatema, akasema maji yote haya na hayanywiki. Baba mkwe hakuja. Tuliambiwa safari ni ndefu kwa umri wake, nikasema sawa, nitamsalimia nikifika.

Basi nikafika. Mume wangu alikuwa amenieleza mambo mengi kuhusu kwao: baridi, utelezi, majina ya ndizi. Jambo moja alilisahau. Tuliposhuka njia ya Mpuguso nikaona nyumba, na miguu ikanisimama. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Kinyakyusa, kuta za mianzi iliyopangwa wima na kufungwa kwa ustadi, imepigwa udongo kwa ndani, na moshi wa miaka mingi umeipa rangi ya chai iliyokolea. Mlangoni alikaa mzee mwenye koti refu na mabuti ya mvua. Nikatembea haraka kumwelekea, kamera shingoni, shikamoo ikiwa tayari mdomoni, magoti yameanza kukunjika kama tulivyofunzwa kwetu. Mzee akanyanyuka. Akageuka, na kwa mwendo ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri ule, akatokomea kwenye migomba. Stuli aliyokuwa ameikalia ikabaki imepinduka.

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nililia. Baadaye akanieleza kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasalimiani, hawaingii nyumba moja. Akipita njiani, unaacha njia. Ni heshima, alisema, na heshima kubwa. Familia nyingi siku hizi zimeliacha jambo hilo, ila baba yake hakuliacha. Nilisikia maneno yote na niliyaelewa, lakini moyo una kichwa chake. Kwetu baba mkwe unampelekea chai, unamuuliza miguu inaendeleaje, anakutania. Mtu anayekukimbia, kwetu, ana neno na wewe.

Ikawa hivyo kwa miaka. Nikienda Mpuguso nilikaa jikoni kwa mama mkwe, banda la pembeni, na mzee alipokuwa anakaribia alikohoa mbali ili nipate kujificha. Nilimjua kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa nyayo za mabuti kwenye tope. Watoto wangu walimpanda mabegani na kurudi wananukia tumbaku yake. Mume wangu ana picha yake ya ujana, imo kwenye albamu, lakini kila nikifika ukurasa ule nilisita. Nilimuuliza mama mkwe kama kuangalia picha ya mtu ni sawa na kumwangalia mtu. Alifikiri sana, akasema hajui, wazee walioweka mambo haya hawakuwa na kamera. Nikaruka ukurasa. Na mama yangu mzazi, kila akipiga simu kutoka Tanga, lazima aulize kama baba mkwe wangu hajambo. Hajambo, namjibu. Ningemwambia nini? Nilikuwa nakisia tu, na lililonikera zaidi ni kwamba sikujua kama mtu huyu ananipenda au ananivumilia.

Kisha wana wakawajengea wazee nyumba ya matofali. Ilisimama nyuma ya ile ya zamani, bati la kijani, madirisha ya vioo, na ile ya mianzi ikawa inaziba mbele. Ikaamuliwa ivunjwe. Niliumia kuliko mwenye nyumba, nadhani, lakini mkamwana kutoka pwani ana kauli gani kuhusu nyumba asiyoruhusiwa kuingia? Ilikuwa likizo. Mama mkwe akapiga simu. Alisema baba yenu anataka picha ya nyumba kabla hawajaiangusha, na hataki mpiga picha wa mjini, kwa sababu wale watamsimamisha mbele ya mlango na suti. Anataka, alisema, yule anayepiga picha za nyumba, asiyetaka watu.

Mwenzangu, sikulala vizuri. Asubuhi nikafika Mpuguso na ukungu ukafika pamoja nami. Nyumba ilikuwa kivuli tu. Mzee alikuwa ameshajiweka kwenye migomba, upande wa bondeni, mahali ambapo ananiona na mimi simwoni, na mama mkwe akawa anapanda na kushuka kati yetu kuleta maagizo. Anasema anzia mlangoni. Anasema usikate paa. Anasema huko mbele kumetosha, zunguka nyuma. Mimi nilidhani nyuma hakuna kitu. Kumbe ukuta wa nyuma ndio aliouanza kuujenga akiwa kijana, peke yake, kabla hajapata msaada wa ndugu. Mama mkwe akanionyesha mwanzi mmoja wenye kovu refu la panga, akaanza kucheka na kujifunika mdomo kwa kanga. Mzee alikuwa ameagiza niambiwe habari za kovu hilo, na mama mkwe aliona aibu kuzisema. Siku ile kijana alikuwa anachonga mwanzi huo akaja mtu kumwambia kwamba binti amekubali, na panga likateleza. Binti mwenyewe ndiye huyu aliyekuwa anaona aibu mbele yangu.

Nikapiga picha, nikatazama, nikaona haifai. Ukungu ulikuwa umeila mianzi, kovu halionekani. Nikasubiri. Manyunyu yakaanza. Nikafunika kamera, nikasimama chini ya bati, na nilikuwa nimetulia kabisa mpaka nilipokumbuka kwamba mzee yuko kwenye migomba na hawezi kuja motoni maadamu mimi nipo hapa. Uroho wangu wa mwanga ulikuwa unamlowesha mtu mzima. Nikamwambia mama mkwe basi, nitapiga hivyo hivyo, itatosha, baba apate kurudi. Akashuka bondeni. Alikawia kidogo, akapanda tena anahema.

"Anasema subiri jua litoke," akaniambia. "Anasema usiharakishe kazi yako. Yeye ana koti."

Lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake lililokuwa langu, si la nyumba wala la paa. Tukasubiri, mimi chini ya bati na yeye chini ya migomba, na nikasikia akikohoa, mara hii si kwa kunionya. Jua la huku Rungwe likatoka jinsi linavyotoka, upande tu, kwa shingo upande, likagonga ukuta wa nyuma na kila mwanzi ukasimama peke yake. Nikapiga mpaka likaondoka.

Nilikuwa nafunga begi mama mkwe alipoleta agizo la mwisho. Mzee anauliza, na ya kwako ipo? Nikauliza ya kwangu ipi. Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto: yeye hataingia kamwe nyumbani kwangu Tukuyu, maana ni nyumba ya mkamwana wake, na wajukuu wanasimulia hovyo, huyu anasema mlango ni wa bluu, huyu anasema hakuna mlango. Anataka kuona moto wangu unakaa wapi. Anasema usisimame ndani ya picha. Anasema acha mlango wazi.

Mimi niliyepiga boma, makanisa, maghala na choo cha shule, sikuwa nimewahi kupiga picha nyumba ninayolala. Ni nyumba ya kupanga, ya kawaida kabisa, ukuta umechorwa na mvua hadi usawa wa dirisha. Nilianza kuisafisha, nikaacha. Niliondoa watu wote, mume wangu akiwemo, ambaye alikuwa ameshachana nywele. Nikapiga mlango ukiwa wazi, ambao ni wa bluu. Nikapiga jiko, vitanda vya watoto, viatu vyao vya mvua, meza ninayosahihishia daftari, na uani ambako vyombo vilikuwa vinakauka juu ya ndoo iliyopinduliwa na vingine kwenye majani. Nikachapisha picha zote pamoja, za kwake na za kwangu, nikampa mume wangu azipeleke. Nyumba ya mianzi ilikuwa imeshaanguka.

Mama mkwe alisema mzee alikaa nazo siku nzima. Za nyumba yake alizitazama, akatikisa kichwa, akaziweka. Za kwangu alizirudia. Aliuliza watoto nani analala wapi, akauliza dirisha la jiko linaangalia upande gani. Zaidi ya hayo hakusema kitu, nami nikajiambia nisitake makubwa.

Halafu Jumamosi moja mume wangu akarudi kutoka kwao na pikipiki imebeba fungu la mianzi, mirefu kiasi kwamba alilazimika kuongoza huku ameinama. Alikuwa na ujumbe, na aliutoa akiwa anakwepa macho yangu kwa sababu yeye kila siku aliviona vyombo vile na hakufanya lolote.

"Baba anasema vyombo vyako havitakiwi kulala chini."

Kilikuwa kichanja cha vyombo, kimeshakatwa na kutobolewa, kilichobaki ni kukifunga tu. Tukakisimamisha uani pale pale palipokuwa na ndoo, na kikaenea bila kuzidi wala kupungua, kama cha mtu aliyekuja kupima. Mianzi ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea na ilinukia moshi. Nikaanza kupanga sahani. Kwenye ukingo wa mbele, unaoelekea mlango wa jiko, mahali ambapo mkono wangu ungegusa kila siku ya maisha yangu, vidole vyangu vikapita kwenye kovu refu la panga.

Nilikaa chini kwenye tope na kulia, na safari hii mume wangu hakucheka. Simu ikalia. Alikuwa mama kutoka Tanga, na baada ya mvua na watoto na bei ya samaki akauliza kama kawaida yake, baba mkwe wako hajambo? Hajambo, nikamwambia, na kwa mara ya kwanza sikuwa nakisia.