Asubuhi Niliyotoka na Ndala

Moto ule niliuwasha mie. Naanza na hilo kabisa maana nimechoka kulizunguka. Watu wa mtaani kwetu, huku Chamazi mwisho, mpaka leo wanasema aliyewasha ni mama yangu. Hakuwasha mama. Mama alikuwa chumbani kwake, hajamaliza nyiradi zake za alfajiri, tasbihi mkononi. Mie ndiye niliyekuwa uani na ufagio na kiberiti.

Mama ni mtu wa kusini, huko kwenye mikorosho, na kama kuna kitu alichokijua kuliko mtaa mzima, ni moto. Kwao kila mwaka kabla korosho hazijaanza kudondoka watu husafisha chini ya miti, wanakusanya majani na kuyachoma. Ukikosea unaunguza shamba lako na la jirani, na mtakaa mwaka mzima hamsalimiani. Marehemu baba alipomleta Dar, alikuja na ujuzi wake huo.

Kabla hajawasha kitu, mama alikuwa anavua ndala na kutembea kwenye nyasi mguu mtupu, hatua saba. Mguu ukiloa, anachoma. Ukitoka mkavu, anarudi ndani. "Taka hazitakufuata kitandani," alikuwa akiniambia. Nikiwa msichana niliona uchuro mtupu. Siku moja nikamjibu, "Mama, si nimeshaangalia kwa macho?" Akasema, "Haya, mwenye macho, niambie umande wa leo ni mwingi kuliko wa jana au mchache." Akanivua viatu yeye mwenyewe.

Tulipohamia Chamazi watu wakaujua ujuzi wake. Mtu akifyeka kiwanja chake anapita kwetu kwanza: "Shikamoo mama. Leo inachomeka?" Mama anatoka, anakanyaga, anaangalia moshi wa jiko la mtu umesimama au umelala, anajibu. Akisema hapana, hakuna anayebisha. Hata vijana wakorofi, wale ambao ukiwaambia hivi wanafanya vile, kwa mama yangu walikuwa wapole. Alikuwa anaipenda heshima ile, jamani. Akisikia hodi asubuhi anajifunga kanga haraka haraka, halafu anatoka polepole, ili aonekane hana haraka.

Mwaka ule vuli ilituchezea. Mawingu yalikuwa yanakuja mchana, meusi ya kutisha, tunaanua nguo, tunapanga ndoo chini ya bati, halafu yanapita zake. Ilinyesha mara mbili tu, mvua za kulaza vumbi. Ikaingia kaskazi na joto lake, lile la kumfanya mtu aoge na kutoka jasho papo hapo akijifuta. Kati ya kwetu na kwa jirani kuna kiwanja cha mtu ambaye hatujawahi kumwona sura. Nyasi zake zilikuwa zimefika kifuani, na zilikauka mpaka kuku akipita ndani unamsikia.

Ng'ambo ya kiwanja hicho anaishi fundi wa vinyago. Naye ni wa kusini, umri wangu, na tangu siku ya kwanza alimwita mama yangu "mama". Alikuwa anachonga mpingo chini ya banda la makuti ubavuni mwa nyumba yake. Toka mfungo wa Ramadhani alikuwa kwenye kazi moja tu, kinyago kirefu kunipita mie, watu wamepandana mabegani, bibi chini, wajukuu juu. Mama alikuwa anakwenda kukaa pale akimwangalia. Fundi akawa anamtania kwamba yule bibi wa chini kachukua sura yake. "Mie siyo mbaya hivyo," mama anasema, na kesho anarudi tena.

Jioni moja redio ikatangaza upepo mkali kwa siku mbili, wenye vyombo vidogo baharini wachukue tahadhari. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Nikasema poleni wavuvi, nikaendelea kukuna nazi. Chamazi tuna bahari gani sie? Hakuna hata mmoja mtaani aliyewaza kwamba upepo unaomzuia mvuvi kule ndio huohuo utakaopita kwenye nyasi zetu. Tangazo la upepo ni la watu wa pwani, ndivyo tulivyolizoea.

Kesho yake saa nne walikuwa wanakuja wageni, wanaleta barua ya posa ya binti yangu wa kwanza. Usiku huo nililala na feni, namba tatu, inanguruma kitandani pangu. Nje upepo ulivuma usiku kucha, wala sikuusikia. Mama hakuwahi kulala na feni, anasema inamuumiza mifupa. Yeye aliusikia. Upepo ukivuma usiku mzima umande haupati pa kukaa, na hilo alikwisha kuniambia mara mia. Angeniambia tena, kama ningemgongea mlango na kumuuliza.

Sikumgongea. Nilitoka saa kumi na mbili kasoro, saa yetu ya siku zote ya kuchoma. Ua ulikuwa umejaa majani ya mkorosho, gari la taka siku nyingi halijapita, na mie nawaza watu wa watu wakiyakuta watasema binti huyu kafundwa wapi. Nikafagia, nikarundika karibu na mpaka wa kile kiwanja. Na nilikuwa nimevaa ndala. Jana yake nilipakwa hina miguuni, maua mpaka kwenye vifundo, na nikaona siwezi kutia vumbi miguu iliyotoka kupambwa. Hiyo ndiyo sababu yangu yote. Hina.

Nikawasha. Moshi haukupanda. Ulilala, ukaenda kiwanjani ukigusa nyasi, na mie niliuona. Hapa ndipo ninapojichukia. Siyo kwamba sikujua, niliuona kwa macho, nikajiambia utasimama tu sasa hivi, nikaingia ndani kugeuza vitumbua.

Nilikuwa na kitumbua kwenye kijiti niliposikia mtu wa nyumba ya nyuma anapiga kelele, "Dada! Dada, moto!" Nikatoka mbio. Yarabi, sikuwa nimejua moto wa nyasi unakwenda vile. Kabla ndoo ya kwanza haijajaa ulikuwa umefika katikati ya kiwanja, na kila upepo ukisukuma, unaruka hatua kumi. Watu walitoka na matawi, na mchanga, na madumu ya maji waliyoyanunua ya kunywa. Nyumba ya fundi ni ya bati na tofali, haikushika. Banda lilishika. Cheche moja ilikaa juu ya makuti, ikakaa tu hapo kidogo, nikadhani imezimika.

Fundi aliwahi kuingia mara moja. Akatoka na mfuko wa patasi na tezo yake. Akataka kurudi kukitoa kinyago, mkewe akamng'ang'ania shati mpaka likachanika. Paa likaanguka. Mpingo haushiki moto upesi, lakini ukishashika hauna mchezo, unawaka mwekundu, kimya, na magogo yake yaliendelea kufuka siku mbili. Fundi alikaa chini mchangani, akazipanga patasi zake mstari mmoja, kubwa kwa ndogo. Akazivuruga. Akazipanga tena.

Mjumbe wetu akafika, kavaa shati kwa nje ya msuli, kakasirika, na haki yake. "Nani aliyechoma taka hapa?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Mama akanishika kiganja kwa nyuma, akakibana mpaka kucha zikaingia, na akapita mbele yangu.

"Mie, baba. Niliwasha majani nikaingia ndani."

Fundi aliinua macho. "Wewe, mama?" akasema. Mama akainama, "Mie, mwanangu. Nisamehe," na ndiyo mara ya kwanza maishani kumwona mama yangu akimwinamia mtu mdogo kwake.

Ndani, kwenye korido, nilimjia juu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo ni siku ya mjukuu wangu. Watu wako njiani. Wakukute unavutana na mjumbe? Mie mzee, watanifanya nini? Wewe utakwenda kusema kesho." Nikakubali. Niseme ukweli, nilikubali upesi mno. Kuna kitu ndani yangu kilipumua.

Wageni walikuja wakakuta mtaa mzima unanuka moshi. Wakatupa pole, wakala vitumbua vilivyoungua upande mmoja, posa ikapokelewa. Mama alikaa na wazee wenzake, kanga mpya, akacheka walipocheka.

Kesho sikwenda. Keshokutwa nikasema fundi ana hasira, apoe kwanza. Kisha nikasema ndoa ipite. Ndoa ikapita. Kila siku niliyochelewa iliifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi, maana sasa ningelazimika kueleza moto na kueleza ukimya pia. Watu walimjengea fundi banda jingine, la bati. Akarudi kuchonga vitu vidogo vidogo, vijiko, wanyama. Alimwamkia mama kama zamani, "Shikamoo mama," ila hakumtania tena, na mama hakwenda tena kukaa pale.

Na hodi za asubuhi zikaisha. Hakuna aliyekuja kuuliza leo inachomeka au haichomeki. Walikuwa wanasema hawajali kama ninasikia: bibi kazeeka, yaani yeye wa kusahau umande! Siku moja jirani mmoja, mwanamke ninayeheshimiana naye, alinisimamisha mlangoni. "Shoga, mfichie bibi kiberiti. Atatuunguza sote." Mama alikuwa barazani hapo hapo, anachambua mchele. Mie, mwenye mdomo ninaosifika nao, ninayegombana na makonda kwa mia mbili, nikamjibu, "Nilishakificha." Na nikaingia ndani nikakipandisha kweli juu ya kabati. Mama hakuinua uso. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele mmoja mmoja.

Sijui ni lini ilianza. Kwanza alisahau sufuria jikoni, tukacheka. Halafu akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Mwaka huu jua limekuwa kali tena na nyasi za kile kiwanja zimekauka tena. Asubuhi moja nikamkuta amesimama ndani yake, mguu mtupu, peke yake, analia.

"Nilikanyaga vibaya," akasema. "Siku ile nilikanyaga vibaya. Nikaunguza kazi ya mtu."

Nilidhani anaigiza, kama alivyozoea kujifanya mkosaji mbele ya majirani. Nikaangaza huku na huku. Hapakuwa na mtu. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani, nikampangusa nyayo kwa kanga, na zilikuwa kavu kabisa, vumbi tupu.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa fundi. Nilisimama nje ya banda lake la bati nikamwambia yote, ndala, hina, vitumbua, moshi. Hakuacha kupiga patasi mpaka nilipomaliza. Kisha akaiweka chini. Nilitaka anitukane. Nilimsubiri anitukane.

"Mama anajua umekuja kuniambia?"

"Hapana."

"Basi sema na yeye kwanza. Mie nilipoteza mti. Yeye alikuwa na jina zuri hapa mtaani." Akachukua patasi yake.

Nikarudi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nikapiga magoti mbele yake, sijawahi kumpigia magoti tangu ndoa yangu. Nikamwambia, mama, moto ule niliuwasha mie. Ulikuwa chumbani unavuta nyiradi. Mie ndiye niliyetoka na ndala. Wewe ulinifichia tu. Hukukosea, mama. Hujawahi kukosea.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha upande kama anayesikiliza redio. Halafu akaniwekea mkono kichwani. Uso wake ulikuwa na huruma, haki ya Mungu, huruma kwangu.

"Una moyo mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini usinibebee. Mtu hubeba la kwake. Mie najua nilichokifanya."

Nikaapa. Nikalia. Nikamwonesha mpaka miguu yangu iliyokuwa na hina siku ile. Alitikisa kichwa, akanifuta machozi kwa pindo la kanga yake kama mtoto mdogo aliyetunga uongo wa kumtetea mwenzie.

"Nifanyie jambo moja," akasema. "Miguu yangu haina nguvu siku hizi. Nenda kwa fundi uniombee radhi. Mwambie mama anasema amsamehe, hakukanyaga vizuri."

Nikasema, "Haya, mama." Nikainuka, nikavaa ndala zangu mlangoni, na nikaenda.