Injekta Nne na Mashemeji Wawili

Mume wangu ni daktari wa mifugo, Mturkana wa Lodwar, na ana ndege. Kabla hujanidhania tajiri, niseme kwamba ni ndege ndogo ya watu wawili, ambayo rubani mmoja mstaafu aliiunda kwa mikono yake nyuma ya nyumba, akatuachia magoti yake yalipokataa kuipanda. Injini yake ilitolewa kwenye gari la mashindano. Haina pistoni. Ndani yake mna vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka, na petroli hunyunyizwa humo na injekta nne, kila moja kama kidole gumba.

Anayeitunza injini hiyo ni kaka yangu, fundi wa jenereta na pampu za maji huko Kakuma. Alinifuata huku kutoka Kitale miaka michache baada ya mimi kuletwa kufundisha shule ya msingi, na hakukawia kumpenda shemeji yake kuliko anavyonipenda mimi. Wakikutana, salamu yao ni ejok moja tu ya Kiturkana, kisha wanaingia chini ya ndege na mimi nabaki na chai inayopoa.

Siku moja mume wangu alikwenda Nakalale kuchanja mbuzi, na wakati wa kurudi injini ikaanza kukohoa. Alitua Lodwar salama, ila kwa hasira. Kaka yangu akaja, akafungua, akasema injekta moja inavuja na nyingine imeziba nusu, hivyo ni heri kubadilisha zote nne. Wangeishia hapo tungelala kwa amani. Lakini mume wangu alisema chujio la petroli halikusafishwa inavyotakiwa. Kaka yangu akajibu kwamba chujio ni safi, mwenye kosa ni mtu anayejaza ndege petroli ya jerikani iliyonunuliwa kando ya barabara Kainuk. Wakarushiana maneno mpaka kaka yangu akaondoka bila kula, na nilikuwa nimechinja kuku.

Tangu hapo hawakusemezana. Na bado injekta zilikuwa hazijachaguliwa. Kakuma kulikuwa na Mkongomani mmoja mwuza spea sokoni katika kambi ya wakimbizi, naye alikuwa na aina mbili zilizoingia kwenye injini yetu: kubwa, na nyingine za kadiri ileile ya zile zilizokufa. Mume wangu alitaka kubwa. Joto la Lodwar huifanya ile ndege ikimbie karibu kiwanja chote kabla ya kuinuka, na aliona aibu mbele ya punda wanaolisha pembeni. Petroli nyingi, nguvu nyingi, ndivyo alivyoamini. Kaka yangu alishikilia kwamba injini hunywa kulingana na hewa inayovuta, na injekta kubwa zingeizamisha kwa petroli ikiwa inazunguka polepole, plagi zilowe, izime.

Yote haya waliambiana kupitia kwangu, kwa simu.

Mwanzoni nilikuwa mjumbe mwaminifu. Halafu mume wangu akaniambia nimfikishie shemeji yake kwamba fundi wa pampu za maji asiwafundishe watu mambo ya angani. Nikampigia kaka yangu, nikamwambia anasalimiwa sana. Naye akanituma nimwambie daktari arudi kwa mbuzi wake, maana mbuzi hawaulizi maswali. Nikafikisha kwamba kaka anawaulizia mbuzi wa Nakalale kama wanaendelea vizuri. Mume wangu akasema kumbe jamaa ana utu.

Hapo niliona kazi hii inanifaa. Jioni ileile nilimwambia mume wangu kwamba shemeji yake amefikiri tena, na anaona huenda kubwa ndizo sawa. Kisha nikatoka uani, nikampigia kaka yangu na kumwambia kwamba shemeji yake amefikiri tena, na anaona huenda ndogo ndizo sawa. Nilitaka tu kila mmoja ajione ameshinda, apoe, waende sokoni pamoja. Nilichosahau ni kwamba hao wawili wanapendana.

Tulikwenda Kakuma kwa gari, kaka yangu akatukuta mlangoni pa duka la spea. Walishikana mikono muda mrefu kama watu waliotoka msibani. Mwenye duka akaweka aina zote mbili mezani, na mume wangu akazisukuma zile ndogo mbele.

"Tuchukue hizi, shemeji," akasema. "Mimi nilikuwa na haraka tu."

Kaka yangu akazirudisha. "Hapana. Chukua kubwa. Wewe ndiye unayeirusha."

Mume wangu akaanza kumweleza fundi wake jinsi plagi zinavyolowa. Kaka yangu naye akazitetea kubwa kwa habari ya joto, kiwanja na wale punda. Kila mmoja alikuwa amemeza maneno ya mwenzake na sasa anayatapika kwa heshima, na heshima yenyewe ilianza kupanda sauti.

Mkongomani alinisogelea na Kiswahili cha kwao. "Mama, hawa baba beko wanagombana juu ya nini?"

Nikamwambia kila mmoja anamtaka mwenzake ashinde. Akatikisa kichwa, akaenda kumhudumia mteja wa tairi.

Mwishowe kaka yangu, ili amridhishe shemeji yake, alitoa kipima umeme mfukoni apime zile kubwa. Akapima moja, akakunja uso, akapima nyingine. Nilimwona akitafuta namna ya kutosema. Zilivuta umeme mwingi kupita uwezo wa kompyuta ndogo inayoamuru injekta zetu, na zingeiunguza.

"Hizi hazifai," akasema polepole, kama anayemsaliti mtu.

Zikabaki ndogo. Alizipima nazo, kisha akaziunga kwenye pampu na betri nyuma ya duka, zikanyunyiza petroli ndani ya chupa nne za kioo kwa muda uleule. Chupa tatu zililingana, ya nne ikapungua. Mwenye duka akachakura sandukuni akaleta injekta nyingine, na safari hii petroli ikasimama sawasawa kote. Mume wangu aliinama akazitazama chupa kwa jicho moja, akaridhika.

"Kwa hiyo ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo," akamwambia kaka yangu. "Sasa mbona ulibadilika ukataka kubwa?"

"Mimi nilibadilika? Si wewe uliyetuma habari kwamba unataka ndogo?"

Wakatazamana. Kisha wakageuka pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika honi ya pikipiki, nikiichunguza kama mtu mwenye pikipiki. Hakuna aliyenikemea. Kaka yangu alianza kucheka kwanza, kimyakimya, mabega yakitingishika, na kunong'ona kwao njia nzima ya kurudi Lodwar kulinitia wasiwasi kuliko kelele.

Injekta zilipofungwa, injini iliunguruma bila kukohoa, polepole na kwa kasi. Mume wangu aliirusha peke yake, akazunguka mji, akatua anatabasamu. Kaka yangu akafungua tena, akakagua kama kuna panapovuja, akafunika. Ndipo waliponiletea uamuzi wao wa pamoja: Mwalimu atapanda. Mimi sikuwa nimewahi kuipanda ile ndege, na kila mtu Lodwar alijua sababu. Nilisema nina daftari za wanafunzi za kusahihisha. Kaka yangu alikuwa tayari ananifunga mkanda, kwa upole mkubwa sana.

Tulikimbia kiwanja chote, punda wakatutazama, tukainuka. Huko juu mume wangu akaniuliza kama nauona mto Turkwel. Nikamjibu kwamba nauona vizuri, na unapendeza. Macho nilikuwa nimeyafumba tangu chini.