Harufu ku shemizi ya Papa Neema

Bamaman, leo nimesikia marashi ya mwanamuke ku kola ya shemizi ya bwana yangu!

Anatoka siku tisa mu pori, kazi ya kupiga paka za pori picha. Njo ananukia hivi?

"Papa Neema, huyu mwanamuke ni nani?"

Akacheka. "Ni ya paka. Tunamwangaka marashi ku muti mbele ya kamera. Paka akisikia harufu ngeni, anasugua shavu pale, aache harufu yake juu."

Akanionyesha picha. Paka muke, macho amefunga, raha tupu!

Mimi, tangu ndoa, hata kachupa kamoja hajaninunulia.

Municheke, lakini niko na mukewenza wa mukia.

Alipoingia kuoga, nikakamata ile shemizi, nikaisugua ku shingo yangu mpaka ikanukia mimi.