Vidonge vya Evarista, Mgema wa Ilula

Wewe msomaji, ungemeza dawa ya ugonjwa ambao daktari mwenyewe amesema ameuondoa?

Liberatus wa Ilula alijiuliza hivyo. Mkewe Evarista, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikuwa amerudi kutoka hospitali ya misheni mjini Iringa, ambako alikatwa uvimbe wa saratani katika titi la kushoto. Ulikuwa mdogo, umetoka wote, na wengi wenye uvimbe wa namna hiyo haurudi tena kwao. Hata hivyo daktari alimpa vidonge vipya, asubuhi na jioni, kwa miaka miwili. Vingezuia nguvu ya uanamke, yaani homoni, isilishe mabaki ya uvimbe, kama yapo. Vingemletea pia joto la ghafla, na muda wote huo asishike mimba. Kumeza au kuacha, aamue mwenyewe.

Ndugu wa mume wakaja kumwamulia.

"Wifi," alisema Matilda, dada yake Liberatus, "wamekukata, sasa wanataka wakukaushe? Mwanzi ukizuiwa maji si unabaki kuni!"

Wakacheka. Ilula kila mtu anajua kwamba ncha changa ya mwanzi hukatwa asubuhi na jioni ili ulanzi utiririke, na ukiacha kuikata, unakoma. Hoja ikawaingia wote, hata Liberatus.

"Mume ni wewe," mzee Sedekia, baba yake mdogo, alimwambia. "Sema neno."

Enzi zile za Ujamaa nchi nzima ilihubiri kwamba binadamu wote ni sawa, na hapa mwili wa mwanamke umewekwa katikati ya kikao kama mbuzi wa mahari!

Evarista hakungoja neno la mtu.

"Wifi, mgema hapa ni nani?"

"Si wewe!"

"Nikiacha kukata ncha, kinachokauka ni nini?"

"Kile kidonda."

"Na kichaka chenyewe?"

Matilda akakuna shingo. "Kichaka kinabaki."

"Basi na vidonge vitakausha ugonjwa, siyo mimi."

"Na mtoto wa pili je?" mzee akauliza. "Mna Helena peke yake."

Hapo sauti ya Evarista ilishuka. Liberatus alijua jinsi alivyolilia jambo hilo.

"Namtaka, baba, kuliko ninyi nyote. Lakini Helena anahitaji mama kwanza, mdogo wake baadaye. Joto nitajipepea. Likinishinda nitarudi kwa daktari, siyo kwenye kikao."

Liberatus akawageukia waliosubiri neno lake la kiume. "Mmemsikia," akasema.

Asubuhi yake, ukungu ukiwa bado chini, alimfuata kwenye mianzi. Alimwona akikata ncha kwa mkono wa kulia na kutundika mbeta, kile kibuyu cha mwanzi cha kukingia. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa kidonge, akakishushia kwa funda la ulanzi mtamu wa usiku ule. Akajifuta mdomo.

"Baba Helena, umesimama tu? Niinamishie ule mrefu. Mkono wangu wa kushoto bado haufiki."

Liberatus akaushika mwanzi, akauinamisha.