Pikapu Niliyoijaribu Kwenye Baridi

Nati za magurudumu nilizihesabu mara mbili: ishirini na nne, zote zipo. Nikahesabu jeki, tairi la akiba na funguo mbili. Muuzaji alinifuata nyuma kwa subira ya mtu anayengoja ng'ombe amalize kunywa maji.

"Shikamoo mama. Hapa hatubabaishi," alisema, akanionyesha leseni ukutani. "Yadi yetu imesajiliwa."

"Marahaba. Leseni haipandi mlima, mwanangu. Nifungulie boneti."

Nilimweleza shida yangu bila kuficha. Nanunua mchele bondeni Rukwa, naupandisha huku Sumbawanga. Shule moja ya bweni ilikuwa imeagiza magunia kumi, yafike kabla haijafunguliwa. Nikichelewa wangenunua kwa mwingine, na ukikosa shule umekosa mwaka mzima.

"Hii ndiyo yenyewe," alijibu. "Mlima ule itaupanda bila kukohoa."

Tuliijaribu palepale, asubuhi, kwenye lami ya kwenda Namanyere. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mshale wa joto haukutikisika, nami nikaisifu injini kwa utulivu wake. Mwezi wa saba huku juu hata maziwa huchelewa kuchacha. Injini mbovu nayo hupata heshima isiyo yake. Nimezaliwa kwenye baridi hiyo na bado ilinidanganya.

Tulipatana bei hadi adhuhuri. Nilimshusha, nikamshusha tena, nikaondoka na betri mpya juu yake. "Umeninyonya, mama," alilalamika akinisindikiza getini. Nikafurahi.

Siku ya tatu niliteremka bondeni vizuri tu, nikapakia magunia yangu. Kurudi, kona ya pili ya mlima, mvuke ukatoka chini ya boneti. Nikangoja, nikaongeza maji, nikasogea kidogo, ikachemsha tena. Dereva wa lori aliyekuwa akipita alichungulia dirishani.

"Mama, mchele unao, maji yanachemka. Ubwabwa unaiva saa ngapi?"

Nilirudi chini, nikaacha magunia kwa mwenyeji wangu, nikapanda na gari tupu. Lilisimama mara tano. Nilihesabu tena kichwani, zikabaki tano.

Kesho yake nilikuwa yadi kabla haijafunguliwa.

"Lakini mama, hukuuliza kama inachemsha," muuzaji alisema.

"Nilikwambia naenda bondeni."

"Ulisema. Hukuuliza. Na risiti inasema imeuzwa kama ilivyo."

Mimi si malaika. Katika kupatana bei nimewahi kuapa sina hata nauli, na noti ziko kwenye kitenge. Lakini uongo wangu kuhusu pochi yangu haumwachi mtu kwenye kona ya mlima. Mteja akiniambia anapika pilau, simpimii mchele wa chengachenga halafu nikasubiri kuona kama atauliza. Kwa mwenye leseni ukutani nategemea angalau hicho: ukishajua ninakopeleka gari, na unajua halifiki, sema. Mnunuzi hawezi kuuliza asichokijua. Anayekijua ni wewe.

Wateja wawili waliokuwa wakikagua gari jingine walikuwa wameacha kukagua. Nikapandisha sauti.

"Basi twende wote bondeni. Ikipanda bila kukohoa, nitakuomba radhi hapahapa mbele ya wateja wako."

Aliwatazama wale wateja. Akachukua ufunguo.

Tulipogeuza kurudi, tukiwa hatuna hata gunia moja, mvuke ulitoka kona ileile. Alishuka na viatu vyake vinavyong'aa, akaenda kuchota maji mtaroni kwa dumu. Aliporudi alimpigia fundi wake simu, amechafuka hadi magoti, akasahau kwamba nimesimama ubavuni.

"Ile gasketi imeshindwa tena. Ndiyo, ileile uliyoweka alipoirudisha yule wa Mwimbi. Safari hii ng'oa silinda hedi yote."

Nilingoja akate simu.

"Na yule wa Mwimbi naye hakuuliza?"

Alilitazama dumu. "Nitakutengenezea, mama. Bure kabisa."

"Bure ni zawadi. Wewe unanipa nilichokwisha kununua."

Fundi alikaa nayo siku nane. Siku ya sita shule ilifunguliwa. Mtunza stoo alinipigia, sauti ya upole, na upole huo uliniumiza kuliko matusi: "Mama, tulikusubiri mpaka jana." Mchele wangu ulikuwa bado bondeni.

Nilipoenda kuchukua pikapu, muuzaji alinipa karatasi niweke sahihi kwamba nimeridhika. Niliigeuza nyuma, nikaandika sentensi mbili. Ya kwanza: pikapu imetengenezwa. Ya pili: iliuzwa kwangu ubovu wake ukijulikana.

Aliisoma. "Mama, hii ya pili haina haja."

"Hiyo ndiyo iliyonileta. Piga mhuri."

"Pikapu si inapanda sasa? Tuyaache."

"Piga mhuri, mwanangu."

Nilivuta kiti, nikakaa. Mteja aliingia akatoka, akaingia mwingine, nami nimekaa. Mwishowe aliukandamiza mhuri kwenye pedi ya wino, akaukandamiza tena, akaugonga kwa nguvu hadi meza ikaruka. Aliugonga juu kabisa ya sentensi ya pili. Wino ukatapakaa, lisisomeke hata neno moja.

"Haya mama," alisema, akinirudishia karatasi kwa mikono miwili. "Mhuri huo."