Koti Nililopandia Mlima

Mimi ninayewasema wengine kwa mavazi yao, leo nijiseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya serikali ya jeshi. Binti yangu alijifungua huko juu mlimani, nami nilikuwa peke yangu huku chini, Bwera, mwaka mzima sijamwona. Baridi ya juu inaingia mpaka kwenye mifupa. Basi sokoni Mpondwe nikachagua koti kuukuu la kijani, refu, na buti nzito za kiume. Sikutazama rangi, nilitazama unene.

Nikapanda kutwa nzima. Kila nyumba niliyobisha hodi, moshi unafuka lakini mlango umefungwa, hakuna wa kuitika. Nikasema, watu hawa wana kiburi gani, hata bibi kizee hawamsalimu! Nikanung'unika peke yangu kwenye ukungu mpaka kwa binti yangu.

Nikasukuma mlango. Binti akapiga magoti, mtoto kifuani, macho kwenye buti zangu, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani hatuisemi, ni ya sokoni na ya askari:

"Afande, hurumia mimi. Chukua kuku, chukua yote. Mutoto iko mudogo."

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo afande.